Umeme wa Wakwe

Mzee Idarous alikuwa na kadi nyingi za kuchajia gari kuliko kadi za benki, na hakuna hata moja iliyokubaliwa na mashine ya kampuni nyingine. Ndivyo mambo yalivyokuwa Uingereza mwaka ule wa 2018. Kila kampuni kadi yake, kila kampuni na ubishi wake. Alizifunga kwa mpira, akaziweka garini pamoja na tasbihi ya marehemu mkewe, Sikuzani.

Kazi yake ilikuwa teksi, na kale kagari ka umeme alikanunua kuukuu mwaka aliofiwa. Nyumba yake ya mtaa wa Lozells ilibanana na za jirani, haina pa kuegesha, kwa hiyo hata umeme wa kwendea kazini aliufuata barabarani. Akichomeka waya, huketi garini akila mkate wake peke yake, madirisha yakiingia ukungu. Alikuwa mpweke, na neno hilo halihitaji kupambwa.

Aliyebaki wake ni binti yake Zainab, aliyeolewa Sheffield na Tahlil, kijana wa Kisomali aliyelelewa Nairobi. Waliishi nyumba moja na baba yake Tahlil, Mzee Hillow, mtu mrefu, ndevu za hina, maneno machache. Kila mwezi Idarous akienda kuwaona. Betri ilikuwa imechoka, basi njiani alizima joto la gari, akajifunika miguu kwa shali ya Sikuzani. Hapo bado atasimama katikati ya safari achaji, na atakuta mashine moja imekufa na nyingine ina mwenyewe. Akifika Sheffield, umeme umebaki wa kunusa.

Mtu mwingine angesema, "Mkwe, nichomeke wapi?" Si Idarous. Kwao Mkunazini, Unguja, alilelewa kwamba nyumba uliyooza binti unaingia na mkono uliojaa, unakula ulichowekewa, unashukuru, huombi kitu. Aombe umeme ambao bili yake analipa mkwe? Bora alisukume gari mpaka Lozells! Hata kuegesha uani kwao hakutaka. Aliliacha kule kona, asije akamzibia mtu njia.

Basi alikuwa akifika, anakunywa nusu kikombe cha chai, anampakata mjukuu wake Nimo, kisha anatazama saa. "Naona niwahi, nina shughuli kidogo." Shughuli yenyewe ilikuwa mashine kwenye maegesho ya supamaketi moja, pembeni mwa mji. Hapo alikaa saa nzima nzima na vyakula alivyofungiwa na Zainab, mwanawe yuko maili chache tu kutoka hapo. Hakuwaambia. Kuwaambia kungekuwa ni kuomba vilevile.

Mwezi wa Aprili Zainab akapiga simu. Tahlil amepata kazi Doha, wanahama wiki ijayo. Mzee Hillow anarudi Nairobi.

"Njoo Jumamosi, Baba. Na this time ukae. Please."

Idarous akapanga vizuri. Aondoke alfajiri, aijaze betri kwanza pale supamaketi, ndipo aende kwa binti yake akakae mpaka jua lizame. Siku nzima, mara moja tu, kabla hawajaondoka. Alipofika, mashine ilikuwa na kioo cheusi. Akaipigia simu kampuni, akachezewa muziki. Mashine ya pili, mtaa wa mbele, ikaikataa kila kadi. Akajikokota mpaka kule kona yake kwa umeme wa mwisho.

Sebuleni kulijaa maboksi. Alikunywa nusu kikombe, na hofu ikampanda. Kuondoka hawezi. Kukaa bila kusema hawezi pia. Mazoea yakamwinua.

"Naona niwahi, nina—"

Zainab akaitua sinia kwa kishindo. "Uwahi wapi, Baba? Miaka miwili! You come, unakunywa nusu kikombe, unakimbia. Kama hutaki kukaa na mimi, just say it!"

Maneno yale yalimkata. Idarous akaketi tena.

"Nakwenda kuchaji gari, mwanangu. Siku zote nakwenda kuchaji. Naona haya kuomba umeme wa wakwe. Na leo mashine imekufa, gari haliendi popote."

Kisha Mzee Hillow akainuka, akamwashiria amfuate, wakapita jikoni mpaka uani. Ukutani, kando ya gereji, palikuwa na kisanduku cheupe cha kuchajia gari. Waya wake ulikunjwa vizuri, umefunikwa mfuko wa plastiki usilowe mvua.

"Hii niliweka hiyo baridi ya mwaka jana," akasema Hillow. "Tahlil alikuona kule parking, umelala kwa gari. Nikamwambia anyamaze."

"Uliniambia ni ya gari atakalonunua Tahlil!" akasema Zainab kutoka mlangoni.

"Mbona hukunambia, mkwe?" Idarous akauliza.

"Ningekuambia aje? Ati tumekuona ukilala nje? Ningekuaibisha, mzee. Nikasema siku moja ataingiza gari ndani, aione mwenyewe." Hillow akatazama chini. "Lakini wewe ni wa kule kona tu."

Idarous akaenda akalikokota gari mpaka uani kwa ule umeme wa kunusa, akaondoa ule mfuko, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka.

Zainab alilichukua koti la baba yake akalitundika, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Idarous alikunywa kikombe chote, akaongezwa. Alikula wali, akasinzia kidogo kwenye kochi, akaamka Nimo amemlalia mkono, ukamfa ganzi asiuondoe. Zainab alikaa chini miguuni pake akifunga vyombo kwa magazeti, wakamzungumzia Sikuzani kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Walipokwisha kusali Magharibi, Mzee Hillow akatoka uani, akakaa kidogo, akarudi.

"Bado, mkwe," akasema. "Haijajaa."

Idarous aliijua betri ile kwa saa zake zote. Alijua ilikuwa imeshajaa tangu jua halijazama.

"Basi tusubiri," akasema.