Sahihi Yangu Ilikaa Juu

Mukicheka, mucheke polepole, sababu bado ninakaa Butembo. Miye ni karani wa Serikali. Kiisha uhuru nilitumwa huku kutoka Kasai, nikapewa meza ya Mubelgiji pamoja na kiburi chake.

Nilipopanga nyumba kwa Mama Kavira, mujane asiyejua kusoma aliyekaa kwa nyuma, nilileta karatasi ya kontra, mapatano ya kupanga, kutoka biro, ofisi yetu. Kwetu biro, mukubwa ndiye anatia sahihi juu. Donc, basi, nilitia juu, bila hata kusoma. Mama akatia kidole chini.

Mvua ikakuja, paa likavuja juu ya kitanda changu. Mama akaniambia nisogeze kitanda. Nikaita uani shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, majirani bakajaa, nikahubiri: "Sheria inamulazimisha mwenye nyumba kutengeneza paa. Akikataa, afungwe."

Shefu akaomba kontra. Akaisoma mara mbili.

"Karani, hapa juu, pa mwenye nyumba, jina ni yako. Mama ndiye mupangaji."

Mama Kavira akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ngazi.

"Baba mwenye nyumba," akasema, "ukimaliza kwako, kwangu jikoni pia panavuja."