Siku Tulipodhaniwa Mayi-Mayi

Mwezi uliopita nilirudi Butembo kwa mazishi ya mjomba, na kama kawaida yangu nikachelewa kanisani kwa kutafuta kitu kisichokuwapo. Nilitaka kuuona uwanja wa shule yetu. Nilimwambia dereva wa pikipiki asimame huko Bulengera, mahali nilipokuwa na hakika kwamba pana uwanja, naye akaniuliza kwa adabu kama nilitaka sementi au mabati. Ni maghala tu siku hizi. Nikamjibu kwamba nataka kuangalia tu. Alinitazama kama unavyomtazama mwendawazimu aliyevaa koti zuri.

Shule yetu ilikuwa ndogo: madarasa sita ya mbao na paa la mabati lililowanyamazisha walimu kila mvua iliponyesha. Wafanyabiashara wachache waliianzisha ili watoto wao wasome zaidi kuliko wao. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa mzee mwembamba aliyeamini kwamba asiyejua Kilatini, asiyejua kuchora na asiyejua kukimbia amebaki nusu mtu. Basi asubuhi tulikuwa na Kilatini, mchana michoro na maigizo, na jioni mazoezi. Vita vilikuwa vimekwisha kutufikia. Mji ulitawaliwa na waasi waliobadilika kabla hatujazizoea kofia zao, na mishahara ya Kinshasa ilikuwa hadithi. Prefe hakuyumba. "Balatini balikufa zamani, batoto yangu," alitwambia. "Hakuna mutu anaweza kubakimbiza tena."

Tulikuwa na vitabu vinne vya Kilatini kwa darasa zima, kwa hiyo tulijifunza kwa kuimba. Mwalimu alitamka, sisi tukajibu kwa sauti moja, mara ishirini, mpaka vumbi likatikisika juu ya boriti. Ukungu wa asubuhi uliingia dirishani, na pamoja nao moshi wa maharagwe ya mama wa jiko, na ngurumo ya chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, zikishuka mlima na mizigo ya muhogo. Hadi leo nikisikia harufu ya maharagwe motoni, kichwa changu hupanga majina ya Kilatini bila kuombwa. Ni faida pekee niliyobaki nayo, wala hainilipii pango.

Katika kuimba nilikuwa hodari. Katika mazoezi nilikuwa msiba. Mwalimu wa mazoezi, kijana mpole mwenye miguu mirefu na sauti ndogo, alinipa kazi ya kushika saa, na ile saa ilikuwa haitembei. Hivyo kati yangu na saa hakuna aliyeharibu kitu.

Kwa mchezo wa kutupa mkuki hatukuwa na mikuki ya dukani. Tulikata miti michanga ya mikaratusi, tukaimenya maganda, tukaikausha juu ya moshi wa jiko mpaka inyooke, ncha tukaichoma moto iwe ngumu. Bingwa wetu alikuwa msichana kutoka Luofu aliyelala bweni. Mikono yake ilikuwa imezoea jembe. Alipotupa, hata wavulana waliomcheka kwa Kifaransa chake walinyamaza. Mwisho wa mwaka angekwenda Beni kushindana na shule nyingine, kama njia ingefunguliwa. Hakuwa amewahi kuiona Beni, akiizungumzia kama wengine wanavyozungumzia Ulaya.

Siku ile tulikuwa tukijiandaa kwa mchezo wa kuigiza alioutunga prefe mwenyewe, wenye maseneta na sanamu za Kirumi. Nusu yetu tulikuwa tumejipaka udongo mweupe usoni ili tuwe sanamu. Kwa kuwa tulisubiri zamu, mwalimu wa Kilatini akatuimbisha palepale kwenye nyasi. Nusu nyingine walikuwa wakitupa mikuki. Chini barabarani palikuwa na kizuizi, na askari wa waasi waliokuwa hapo walikuwa wamefika juzi yake.

Jaribu kututazama kwa macho yao. Watoto wenye nyuso nyeupe, wakiimba kwa pamoja maneno yasiyo ya lugha yoyote ya mlimani, na wenzao wakirusha mikuki. Mayi-Mayi, wapiganaji wa msituni waliowasumbua waasi wale, waliimba, walijinyunyizia maji ya dawa ya kuzuia risasi, na wengi wao walikuwa na mikuki tu. Hata mimi ningetukamata.

Walipanda mbio hadi uwanjani, wakamchukua kwanza mwalimu wa mazoezi. Walimfunga mikono kwa kamba ya filimbi yake na kumpiga kwenye nyayo, mbele yetu, mpaka akashindwa kusimama. Komanda, mtu mfupi mwenye miwani ya jua, alisema watampeleka kambini. Watu walipelekwa kambini. Hatukuwa tumemwona aliyerudi.

Prefe akasogea, kofia mkononi. "Mon commandant, hii ni sport. Na kuimba kule ni Kilatini."

"Balatini njo kabila gani?" aliuliza komanda. "Banakaa wapi? Lubero?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Komanda akasema kama ni mchezo, basi tumwonyeshe. Kidole chake kikaniangukia mimi. "Yo, petit. Tupa."

Nilitupa. Mkuki ulipinda hewani, ukageuka, ukaanguka kiubavu, hatua chache kutoka kwenye kiatu changu. Askari waliangua kicheko, lakini komanda hakucheka. "Huyu anajificha," alisema. "Hakuna mutu anatupa mubaya hivi bila kufundishwa." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa katika michezo, nayo nusura imuue mtu.

Hapo ndipo msichana wa Luofu alipotoka mstarini, bila kuitwa. "Huyu hajui," alisema. "Champion ni mimi."

"Wewe? Mwanamuke?"

"Ni mimi. Uulize bote."

Akaokota mkuki, akavua kandambili zake, akarudi nyuma. Nikasikia miguu yake ikikimbia nyasini, kisha mluzi mwembamba, kisha mchomo mbali sana, kwenye udongo laini. Halafu komanda akaanza kucheka, kicheko cha kweli, hadi akavua miwani kufuta macho.

"Mufungue," aliwaambia askari wake. "Mayi-Mayi habawezi acha mwanamuke aguse mukuki yabo. Dawa yote inakufa. Habo ni bajinga tu."

Mwalimu alifunguliwa. Mikuki ilivunjwa mmoja mmoja, ule wa mbali ukawa wa mwisho, na mchezo ule ukapigwa marufuku. Hatukuwa na utepe; tulipima kwa hatua za mwalimu, na siku ile mwalimu alibebwa mgongoni. Mtupo mrefu kuliko yote ya shule yetu haukupimwa.

Baada ya mazishi nilishuka hadi Beni kumwona yule bingwa wetu. Anauza vitenge, mjane mwenye sauti kubwa, na binti yake mkubwa, nilipomsimulia habari hii, hakuamini neno.

"Papa, ulifika wapi ule mukuki?" aliniuliza, kwa heshima wanayompa huko kila mwanamume mzima.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii mezani, na kila mwaka mkuki umeongezewa hatua. Nikafungua mdomo kutaja sitini.

"Usimuulize huyu," mama yake akadakia. "Alikuwa anafunga macho. Nilimuona."

Ni kweli. Niliyafumba tangu alipovua kandambili. Ninachokijua ni sauti tu.

"Na Beni, mama? Ulishinda?" binti akamgeukia mama yake.

Alikuwa akikunja kitenge, akaendelea kukikunja. "Njia haikufunguka mwaka ule. Ule wa pili pia. Beni nilifika, mama, wakati baba yako alinioa. Nilikuja na matelas ya kulalia na masufuria mbili."