Kikapu cha Mawe Katika Chumba cha Vipimo

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Asubuhi nyingine za wakati ule zimechujuka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, hata siwezi tena kusema ipi ilikuwa ya kukimbia na ipi ilikuwa ya kurudi. Hiyo moja imebaki na rangi zake zote. Nakusimulia wewe unayeanza kupima nyaya za vifaa vya moyo, kwa kuwa nilikuwa na umri kama wako, na mikono yangu, kama yako, ilikuwa imeanza kujiamini kabla akili haijaipa ruhusa.

Hospitali yetu ilikuwa kilimani, katika Masisi, mahali ambapo ukungu huondoka kwa kusitasita hata saa nne. Daktari mmoja mgeni alikuwa ametuachia mashine ya kusomea vifaa hivyo, kisha akaondoka barabara zilipoanza kufungwa. Wagonjwa wenye vifaa walikuwa wachache. Tuliwajua kwa majina yao na ya watoto wao. Wewe unajua tayari, lakini nieleze kwa faida ya asiyefunzwa: kisanduku kidogo hushonewa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na kutoka hapo waya mwembamba hupita ndani ya mshipa hadi moyoni, ukipeleka msukumo mdogo wa umeme kila moyo unapochelewa kupiga. Waya ukikatika, kisanduku huendelea kusema, lakini moyo hausikii. Na hila ya waya ni kwamba unaweza kukatika bila kuachana: mtu akilala, ncha zake hugusana na kila kipimo husoma vyema, mtu akiinua mkono, ncha hutengana.

Aliyetufundisha alikuwa Papa Ndoole, muuguzi mzee, Mhunde wa vilima hivyohivyo kama mimi, mtu aliyetumia maneno kama chumvi. Alikuwa na desturi mbili ambazo sisi wanafunzi tulizicheka nyuma ya mlango. Ya kwanza: katika kona ya chumba cha vipimo aliweka jembe lenye mpini mrefu na kikapu kilichojaa mawe, ambacho kwetu huitwa kitunga, chenye kamba ya kupitisha kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wanavyobeba. Hakuna mgonjwa aliyetoka pale kabla ya kufanya mbele ya mashine kile alichokuwa akifanya kila siku nyumbani. Mkulima alilima hewa. Mchuuzi alijitwika mawe. Alikuwa akisema, "Kazi ya muntu njo kipimo yake," yaani kazi ya mtu ndiyo kipimo chake.

Ya pili ilikuwa daftari. Kila baada ya kipimo, mwanafunzi aliandika ukurasa mmoja wa kujibu maswali matatu: nimeona nini, nimedhani nini, na ni kitu gani sikukitazama. Swali la tatu ndilo alilolipenda. Alisema asiye na jibu la swali hilo hajapima, amepita tu.

Sasa nikuungamie. Nilikuwa nimesomeshwa na masista, na kalamu yangu ilikuwa nyepesi. Upesi nilitambua sentensi zipi zilimlainisha uso mzee yule, nikazishona kwa ustadi. Alinisifu mara mbili mbele ya wenzangu. Sifa, mwanangu, ni pombe ya watu wasiokunywa. Basi nikaanza kuandika ukurasa asubuhi, kabla mgonjwa hajafika, nikiacha nafasi za tarakimu tu. Nilijiambia kuwa ninaokoa muda, kwani majeruhi walikuwa wengi na mikono ilikuwa michache. Uongo wenye sababu nzuri hulelewa vizuri kuliko uongo yatima.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Kavira, mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Butembo, Mkatoliki ambaye rozari haikutoka shingoni mwake hata sokoni. Duka lake lilikuwa Walikale. Mapigano yalikuwa yamemnasa huku Masisi alikokuja kutafuta maharagwe, na watoto wake watatu walikuwa wamebaki kule kwa dada yake. Malori yalikuwa yamekoma. Kundi la watu lilikuwa linaondoka siku ileile kwa miguu kupitia msituni, na kaka yake, Kambale, alimsubiri langoni pamoja na mizigo. Swali la Mama Kavira lilikuwa moja tu: je, moyo wake ungemfikisha kwa watoto?

Papa Ndoole alikuwa ameitwa kwa majeruhi. Nilikuwa peke yangu, na mafuta ya jenereta yalikuwa yakipimwa kwa kikombe, kwani chumba cha upasuaji nacho kilihitaji umeme. Mama Kavira alijilaza, nikamwekea kichwa cha mashine kifuani. Aligeuza macho kwenye kioo chenye mstari unaopanda na kushuka.

"Dada," akasema, "hii televizyo yako haionyeshake pia mwenye aliiba mbuzi zangu?"

Nikacheka. Tarakimu zilikuwa njema: upinzani wa waya kwa umeme ulikuwa uleule wa miezi mitatu iliyopita, na moyo uliitikia hata nilipopunguza nguvu ya msukumo. Nikaanza kufunga mashine. Hapo akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kumchelewesha mwenzake:

"Kuko kitu. Nikiinua mikono ya kutia kamba ya kitunga ku kichwa, macho inaingia giza. Kidogo tu, halafu inapita."

Nikamjibu, "Mama, mu hii vita nani hana kizunguzungu? Kula kwanza. Njala njo inakusumbua."

Na ilikuwa kweli, hapo ndipo penye mtego. Miaka ile sote tulikuwa na kizunguzungu. Watu walianguka kwenye foleni ya maji, kanisani, makaburini. Vita vilikuwa vimetuzoesha jibu moja kwa kila dalili, nasi tulilitumia kama ufunguo unaofungua milango yote, bila kuuliza kilichokuwa ndani. Mama Kavira akatazama kikapu cha mawe konani. Mimi pia nilikitazama. Nje Kambale aliita.

"Ao pengine njo njala," akasema, akafunga vifungo vya blauzi yake.

Niliandika kwenye kadi: waya mzima, anaweza kusafiri. Kisha nikajaza tarakimu katika ukurasa niliokuwa nimeuandika alfajiri.

Siku ya nne walimrudisha kwa tipoyi, machela ya miti inayobebwa mabegani. Kambale alitusimulia kwamba siku ya pili, baada ya mapumziko, dada yake aliinua mikono kupitisha kamba kichwani, akaanguka kama aliyekatwa magoti. Akazinduka, akajaribu tena, akaanguka tena. Papa Ndoole aliiwasha mashine. Alimpima akiwa amelala, na tarakimu zikatoka njema vilevile. Mungu anisamehe, mwanangu: nilipoziona nilifurahi. Nilikuwa nikiitetea kadi yangu mbele ya mwanamke aliyelala kwenye machela.

Kisha mzee akamwomba, taratibu, apeleke mkono wa kushoto kisogoni, kama anayefunga kamba. Mstari kwenye kioo ukajaa mikwaruzo kama maandishi ya kichaa, halafu ukanyooka. Macho ya Mama Kavira yakageuka meupe. Papa Ndoole akaushusha mkono ule kwa haraka ambayo sikujua kuwa anayo, na moyo ukarudi. Akachukua kitenge, akaufunga mkono kwenye kifua.

Waya ule haukuwa wa kutengenezwa na sisi. Tulimpakia katika gari la hospitali kuelekea hospitali kubwa ya Goma, mimi nikiwa msindikizaji, na tulipofika Sake njia ilikuwa imefungwa. Milio ya silaha ilitoka upande wa Mubambiro, mbele yetu. Tulilala katika darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine. Mama Kavira alinieleza habari za watoto wake, mmoja mmoja, nani mchokozi na nani huogopa mvua. Hakunilaumu, na sijui hata leo kama alijua. Asubuhi ya pili nilitoka kwenda barabarani kuuliza kama tumeruhusiwa kupita. Alikuwa ameamka. Waliokuwa naye walinieleza kwamba alitaka kuonekana mtu mbele ya watu, akaufungua mkono wake, akainua yote miwili kujifunga kitambaa cha kichwa.

Niliporudi kitambaa kilikuwa begani mwake.

Tuliurudisha mwili wake Masisi. Kambale aliuliza jambo moja tu: awaambie watoto nini? Papa Ndoole angeweza kusema vita, au mapenzi ya Mungu. Maneno hayo yalikuwepo, na kila mtu aliyatumia. Alimwambia kwamba waya ulikuwa umekatika, kwamba kulikuwa na njia ya kuugundua kabla ya safari, na kwamba hatukuifuata. Kambale aliinuka. Kisha akaomba kitunga cha dada yake, akakiweka mgongoni, akashika njia ya Walikale.

Mzee akanitaka nilete daftari langu. Akausoma ukurasa ule kwa sauti, pale palipoandikwa kwa herufi nzuri: "Nimejifunza kutulia na kumsikiliza mgonjwa hadi mwisho." Akaniuliza niliuandika lini. Nikamwambia. Nilingoja anipige au anifukuze, ningeona nafuu. Badala yake alifungua daftari lake mwenyewe, kwani naye alikuwa nalo, jambo ambalo hatukujua, akanionyesha alichokuwa ameandika usiku uliotangulia, akiwa ameshashuku:

"Nimeona: mwanafunzi anaandika vizuri. Nimedhani: basi anatazama vizuri. Sikukitazama: anaandika saa ngapi."

Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Hii kamba unaijua, mutoto yangu. Mama yako alikubebesha kitunga tangu ukiwa mudogo. Mikono yako ilikuwa inajua. Wewe njo ulikataa kuiuliza."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimepima mioyo mingi tangu hapo, na baadhi ya nyaya zilizokatika nimezikamata mapema, lakini usije ukaniambia kwamba hizo zimelipia ile. Hazikulipia. Kuna watoto watatu waliokulia Walikale bila mama ambaye mimi nilimwandikia kuwa anaweza kusafiri.

Kwa hiyo shika haya. Usiandike ulichojifunza kabla hujakiona, hata kama umekiona mara mia kwa wengine. Ukurasa wa tafakari ulioandikwa mapema ni mlango uliofungwa kwa nje. Mgonjwa akikuambia kitu kwa aibu, wakati unakusanya vyombo vyako, vitoe tena vyombo. Ugonjwa wa watu wote usikufumbe macho kwa ugonjwa wa mtu mmoja. Mpime akiwa katika kazi yake, si katika utulivu wako. Na ukifika kwenye swali la tatu, ukakosa jibu, usitunge. Simama, urudi chumbani, utazame konani. Kikapu kipo. Nimekihifadhi mwenyewe, mawe ni yaleyale.

Mungu akupe mkono mzito wa kuandika na sikio jepesi, mwanangu. Akunyime sifa zitakazokulevya. Na kila atakayelala mbele yako ainuke, ainue mikono yake miwili bila giza machoni, ajifunge kitambaa chake, afike kwa watoto wake.