Swali Nililomuuliza Mama wa Maziwa

Ni miaka sita sasa tangu nianze kuendesha kipindi cha vitabu katika redio moja ndogo hapa Isiolo. Hurushwa hewani Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya habari za soko la mifugo. Nimewahoji walimu wastaafu, mchungaji aliyeandika juu ya ndoa, chifu wa zamani aliyeandika juu yake mwenyewe. Wengi huchapisha kwa mfuko wao Meru au Nanyuki, kisha wanakuja studio na nakala zao kwenye katoni, wamevaa suti.

Yule mama hakualikwa. Nilimkuta langoni asubuhi moja, mwanamke wa miaka sitini hivi, Mborana, amejifunga mtandio wa rangi ya machungwa. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, na mke wangu hununua kwake.

"Salaam aleikum," akasema. "Wewe ndio ule mtu ya vitabu?"

"Aleikum salaam, mama. Ni mimi."

Akatoa chini ya mtandio kitabu chembamba chenye jalada la kijani. "Mimi pia nimeandika. Soma kwanza. Ukiona ni mbaya, rudisha tu. Sikasiriki."

Nilikisoma siku hiyo hiyo, nimekaa kwenye kibanda cha chai pale mtaa wa Wabera. Nilidhani nitapitisha macho tu. Kulikuwa na sura juu ya mama yake, aliyekuwa akileta maziwa mjini kwa punda kutoka upande wa Kinna. Siku moja punda alianguka, jua likapanda, na maziwa yakaharibika njiani. Mama yule aliyamwaga kando ya barabara, akaketi. Binti yake akakaa karibu naye akiwatazama sisimizi wakija, kwanza mmoja, halafu wengine, mpaka mchanga wote ukawa mweusi. Hakuandika kwamba mama alilia, wala kwamba walikuwa maskini. Sisimizi tu.

Nilirudia ukurasa ule mara tatu. Chai ikapoa. Na badala ya kufurahi, nikajiuliza ni nani aliyemwandikia.

Nilikuwa na sababu zangu. Pale langoni alikuwa amesema "ule mtu ya vitabu", na kitabu chake kilisema "kile kitabu changu" na "mkono wangu", kila neno mahali pake. Nikaona nimegundua jambo. Lakini mimi ni Mturkana niliyezaliwa mji huu, na Kiswahili changu nilikiokota barabarani kama wengine wote. Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Kila Ijumaa mchana huyapitia maandishi ya kipindi changu kwa kalamu nyekundu, na Jumamosi nasifiwa kwa ufasaha wangu. Yule chifu wa zamani alikiri mbele yangu, tukinywa soda, kwamba mpwa wake ndiye aliyenyoosha kitabu kizima. Hewani sikumuuliza chochote. Nilimwita mwandishi, akaitika.

Kuna jambo lingine. Wiki ile meneja wetu alikuwa ameniambia kipindi kinasinzia. "Watu wanataka moto kidogo," alisema. Maneno hayo yalikaa kichwani mwangu.

Jumamosi ilipofika mama alikuja mapema, amevaa nguo ya sikukuu. Nilimpa chai, nikamwonyesha jinsi ya kukaa mbele ya kipaza sauti. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Alieleza jinsi ngamia anavyokataa kukamwa na mgeni, na jinsi alivyoanza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru, akiwa tayari na wajukuu. Alinichekesha. Simu za wasikilizaji zikaanza kuingia. Ilinipasa kuiacha saa ile iende hivyo.

Nikasema, "Mama, wasikilizaji wangependa kujua. Aliyekuandikia kitabu hiki ni nani?"

Alicheka kidogo, akidhani natania. "Nani tena? Mkono yangu."

"Mwenyewe kabisa?"

"Mwenyewe."

"Basi tusomee kidogo. Ukurasa wowote."

Nilimsogezea kitabu chake. Alikifungua. Alikipeleka mbali na uso, akakirudisha karibu mpaka pua ikakaribia karatasi, akakigeuza kuelekea dirishani. Mimi nilimtazama tu. Hewani hapakuwa na sauti isipokuwa feni ya studio. Mtangazaji yeyote anajua kwamba ukimya wa namna ile hauachwi, unaingia haraka kuuziba. Mimi niliuacha, nikijua ninachofanya.

"Siwezi," akasema hatimaye, polepole.

"Hawezi," nikawaambia wasikilizaji, kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kuzima kitu. "Tupate muziki."

Wimbo ulipokuwa ukipigwa alisimama, akaupanga mtandio wake, akakichukua kitabu. Nilisubiri anitukane. Alisema, "Asante kwa chai," akatoka.

Simu hazikunyamaza siku ile. Watu walicheka. Mmoja aliandika kwamba nimewafichua walaghai. Meneja alinigonga bega. Nyumbani mke wangu alikuwa amesikiliza. Aliniwekea chakula mezani, akakaa upande wa pili, akaniuliza, "Na wewe ukiambiwa usome bila kalamu yangu?" Nilikasirika, nikamwambia hayo ni mambo tofauti.

Jumanne mwanamke mwingine alikuja studio. Alijitambulisha kuwa mwalimu wa lile darasa la ngumbaru. Alikuwa amebeba gunia dogo, akalimwaga juu ya meza yangu. Yalitoka madaftari kumi na moja, yale ya kawaida ya watoto wa shule, pembe zimekunjika na mengine yana alama za mviringo za vikombe vya chai.

"Soma," akasema. "Wewe si unapenda watu wasome?"

Daftari la kwanza liliandikwa kwa penseli, herufi ndogo zilizobanana, kila mstari umejaa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha langoni. "Maziwa iliharibika." "Mama yangu ilikaa chini." Sisimizi walikuwapo wote, mmoja kwanza, halafu wengine. Mwalimu alikuwa amesahihisha viambishi kwa kalamu ya buluu pembeni. Hakuna mahali alipoongeza sentensi yake.

Nilipofika daftari la nne niliona herufi zimekua. Katika la saba zilikuwa zinaruka mstari. La kumi lilikuwa na maneno makubwa kama ya mtoto wa nasari, yanapanda na kushuka, mengine yakiandikwa juu ya mengine. Katika la mwisho kila ukurasa ulikuwa na mistari mitatu tu, na penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Ni macho," mwalimu akasema. "Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliogopa yatazimika kabla hajamaliza."

Nilimuuliza kwa nini mama hakusema hewani. Hata katika kuuliza huko nilikuwa natafuta njia ya kumtwisha yeye lawama.

"Kwa sababu wanawe wakijua haoni, watamtoa sokoni. Ananusa maziwa, anayatambua kwa mkono, anawajua wateja kwa sauti. Mimi tu ndiye ninayejua. Sasa na wewe."

Jioni ile nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akisuuza mitungi kwa maji ya moto, mvuke ukimfunika uso. Nilisalimu, akanijua kwa sauti, akaniambia nikae. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilianza kwa kusema nimeyaona madaftari.

"Huyu mwalimu mdomo yake ni mrefu," akasema, bila hasira.

Nikasema nimekosa. Nikamwambia Jumamosi nitaeleza kila kitu hewani, nitawaambia watu habari ya macho, na watajua ni mwanamke wa namna gani. Nilikwisha kuusikia moyoni ule utangulizi wangu, na jinsi ungewaliza wasikilizaji.

Aliacha kusuuza. "Macho usiseme."

"Lakini mama, nisipotaja macho hawataamini."

"Basi wasiamini. Uliniuliza mbele ya watu, ambia watu umekosea. Macho ni yangu."

"Utakuja tena studio?"

"Hapana, mwanangu. Kwa redio sirudi."

Jumamosi nilisema sentensi tatu. Nilisema nimeyaona maandishi yake ya mkono, kwamba kitabu ni chake, na kwamba nilimkosea. Hayo ndiyo aliyoniruhusu. Yalisikika makavu, na watu hawakuyaamini. Walisema ameniletea ndugu zake, wengine wakasema nimetishwa. Shule iliyokuwa imeahidi kununua nakala zake ilinyamaza. Sokoni, mke wangu aliniambia, vijana walikuwa wakimpungia karatasi wakisema, "Akko, tusomee." Akko ni bibi kwa Kiborana. Alikuwa anawajibu kwa kuwauliza wanataka lita ngapi.

Niliishi na hilo miezi mingi. Niliendelea na kipindi, lakini kila mgeni alipokaa kile kiti maswali yangu yalikuwa laini mno, ya kubembeleza. Hiyo nayo haikuwa heshima. Nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Mwaka uliofuata madaktari wa macho walikuja mjini kwa siku chache, na mwalimu alimpeleka. Wanawe walijua, wakapiga kelele kidogo, na baada ya upasuaji wa jicho la pili wakatulia. Hakuondoka sokoni. Siku hizi yeye mwenyewe huwasimulia wateja kisa cha macho yake, ndiyo maana nakiandika.

Kisha nikasikia amealikwa kwenye shule moja ya wasichana kusoma kitabu chake. Nilikwenda. Sikubeba kinasa sauti. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alivaa miwani mikubwa, akasimama mbele ya darasa, akasoma ukurasa wa maziwa yaliyomwagika. Alisoma taratibu, akifuata mstari kwa kidole, na mahali pengine alirudi nyuma akaanza neno upya bila haya yoyote. Alipomaliza akauliza nani ana swali, na mikono ikainuka mingi. Aliinua uso, akapitisha macho darasa zima, yakanifikia, yakatulia juu yangu kidogo. Yale macho yalikuwa yananiona. Nilitazama viatu vyangu.

Nilitaka kutoroka kabla hajatoka, ila wasichana walijaa mlangoni. Akanipata kwenye baraza, akanishika mkono kama anavyoshikwa mtu wa nyumbani, akanichungulia kupitia ile miwani.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivi," akasema. "Ule siku sikuona vizuri. Mke yako hanunui maziwa?"

"Ananunua, mama. Kwako."

"Basi mwambie aongeze."

Akaniachia mkono, akaenda kumtafuta mwalimu wake. Nilibaki pale barazani nikijaribu kukumbuka kile nilichokuwa nimepanga kumwambia.