Nyumba ya Rangi ya Waridi Walimozaliwa Wamarekani Wote

Katika nyumba ya Mathilde Gschwind walizaliwa, kwa mujibu wa mpwa wake, mababu wa familia thelathini na moja za Kimarekani. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na ghala la viazi. Jinsi watu wote hao walivyopata pa kulala, achilia mbali pa kuzaana, ni jambo linalojulikana na Mungu na huyo mpwa tu.

Mpwa mwenyewe ni Thierry Gschwind, meya wa Hinterwihr, kijiji cha kusini mwa Alsace, huko Ufaransa, chenye watu mia nne na mabwawa ya samaki mengi kuliko watoto wa shule. Mathilde alikuwa karani wa ofisi ya kijiji hicho kwa miaka thelathini na miwili. Hakuolewa, kwa sababu mwanamume mmoja aliyemtaka alitaka pia ahamie mjini. Aliyajua madaftari yote ya vizazi na vifo, na alijua panya yupi alikula ukurasa upi. Kwa hiyo hakuna mtu kijijini aliyestahili kulaumiwa kuliko yeye kwa yale yaliyotokea, na hilo alilijua vizuri.

Mambo yalianzia kwenye mvua. Mwanamume kutoka Ohio alisimama barabarani na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akilia, akiuliza nyumba ya babu wa babu yake. Nyumba hiyo ililipuliwa na mizinga katika majira ya baridi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia, na mahali pake sasa pana bomba la wazima moto. Mathilde alimhurumia. Alimkaribisha ndani, akampa kahawa na kipande cha kugelhopf, ile keki yake ya zabibu kavu yenye tundu katikati. Mtu yule akatazama mihimili ya mbao, akatazama kuta za rangi ya waridi, akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Ni hii?"

Mathilde alikuwa amelowa miguu. Akasema ndiyo.

Mtu akatoa kisu cha mfukoni, akakwangua chokaa ya ukutani, akaitia kwenye kopo la filamu ya kamera, akambusu Mathilde mashavu yote mawili, akaondoka akiwa mtu mwenye furaha. Nani ameumia hapo? Hakuna. Ndivyo alivyojiambia Mathilde, na ndivyo wanavyojiambia wote wanaoanza.

Thierry aliposikia, macho yalimng'aa kama mtu aliyechimba kisima akakuta mafuta. Tangu siku hiyo kila barua iliyofika kutoka ng'ambo ilijibiwa kwamba ndiyo, babu yenu tumempata, na nyumba yake, kwa bahati ya ajabu, bado imesimama. Juu ya paa akapandisha korongo wa plastiki, ndege wa bahati wa Alsace, maana korongo wa kweli walikataa kukaa. Kila kiangazi wageni walikuja, walilia, walikwangua. Kila msimu wa kuchipua Mathilde alipaka upya. Chokaa hiyo huuzwa dukani kwa mifuko ya kilo ishirini na tano, na hutengenezwa kiwandani mwaka huohuo. Huko Ohio na Iowa imewekwa nyuma ya kioo kando ya picha za harusi, nayo inaheshimiwa sana.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Kisha likaja bamba.

Ukoo wa Schnebelen wa Texas, watu mia tatu wanaokutana kila mwaka kula soseji na kusifiana, walikuwa wameagiza bamba la shaba na kulituma mapema. Liliandikwa: HAPA ALIZALIWA FRIDOLIN SCHNEBELEN, ALIYEVUKA BAHARI MWAKA 1846. Lilikuwa zito kama jiwe la kaburi. Thierry alitoboa mashimo manne kwenye ukuta wa shangazi yake bila hata kubisha hodi. Lingezinduliwa Jumapili, kwa bendi na hotuba.

Mathilde aliyatazama mashimo yale kwa siku tatu. Neno la mdomoni mtu anaweza kulikana. Anaweza kusema alisikika vibaya, alikuwa amechoka, mvua ilinyesha. Lakini shaba iliyokazwa kwa skrubu nne ingebaki pale hata siku jeneza lake litakapotolewa kwenye mlango huohuo. Karani aliyeandika ukweli wa watu miaka thelathini na miwili angeacha nyuma yake uongo mmoja tu wa kudumu, na ungekuwa kwenye ukuta wake mwenyewe.

"Thierry," alimwambia, "liweke kanisani."

"Shangazi, kanisani nani atalipiga picha?"

"Fridolin hakuzaliwa humu."

"Wote hawakuzaliwa humu! Miaka kumi na moja umenyamaza, leo ndiyo dhamiri imekuamkia? Ilikuwa imelala wapi?"

Swali lilikuwa zuri, na maswali mazuri ya Thierry yalikuwa machache, kwa hiyo lilimuuma Mathilde zaidi.

Ijumaa mchana mwanamke wa umri wake, miaka sabini hivi, alisimama getini amevaa viatu vya michezo vyeupe na kofia pana. Mathilde alijiandaa kutoa Kiingereza chake cha kuombea maji. Yule mwanamke akamtangulia.

"We dada, una mbwa mkali humo, au naweza kuingia?"

Hakusema kwa Kiingereza, wala kwa Kifaransa. Alisema kwa Kialsasi cha Hinterwihr chenyewe, cha zamani, chenye maneno ambayo Mathilde hakuyasikia tangu bibi yake azikwe. Lugha hiyohiyo Mathilde alipigwa rula vidoleni shuleni kwa ajili yake mwaka 1946, ili awe mstaarabu. Thierry haijui hata salamu. Wazazi wake waliionea aibu mapema kwa niaba yake, ili asipate taabu ya kuionea aibu mwenyewe. Na sasa ilikuwa imesimama getini, imetoka Texas, na viatu vya michezo.

"Mbwa alikufa," alisema Mathilde. "Umejifunza wapi kusema hivyo?"

"Kwa bibi yangu. Kule kwetu ng'ombe tulipowaita kwa lugha nyingine, hawakuja. Mimi naitwa Verlene Schnebelen." Akagusa mwimo wa mlango kwa vidole viwili, taratibu, kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala. "Basi ni hapa?"

Mathilde akafungua mdomo. Uongo wote wa miaka kumi na moja alikuwa ameusema kwa lugha za shule. Kwa lugha hii aliwahi kudanganya mara moja tu, kuhusu mayai, na bibi yake alimkamata kabla hajafika mwisho wa sentensi.

"Kula kwanza," akasema.

Alimkaangia samaki wa bwawani, vipande vyembamba ndani ya unga, vya kuliwa kwa vidole. Verlene alikula bila kuuliza uma, akalamba kidole gumba, akasimulia. Fridolin alikuwa mkulima wa mizabibu. Alikuwa na shamba mlimani na farasi wawili. Aliacha vyote kwa kupenda uhuru. Ndivyo Verlene alivyowafundisha wajukuu wake kumi na sita, na mmoja wao ameshapewa jina la Fridolin, maskini, anachekwa shuleni.

Mathilde alifuta mikono, akachukua ufunguo wa ofisi ya kijiji, ambao tangu alipostaafu hakuwahi kuombwa aurudishe, akasema, "Twende, dada. Ukishamaliza kunichukia nitakutengenezea kahawa."

Daftari la baraza la mwaka 1846 lilikuwa kwenye rafu ya chini. Ukurasa alioutaka Mathilde aliujua kwa moyo. Baraza lilikuwa limekaa, likaona kwamba kijiji kimejaa, likaamua kuwalipia nauli ya meli fukara kumi na tisa ili waende Amerika, kwa sharti moja: wasirudi. Majina yalipangwa kwa nambari. Nambari saba: Fridolin Schnebelen, kibarua, hana kitu, hula bila kuzalisha. Chini kulikuwa na sahihi kubwa yenye mikia mingi ya meya, Morand Gschwind, mwenye nyumba ya rangi ya waridi.

"Gschwind," alisema Verlene.

"Babu wa babu yangu. Nyumba ile ni yake. Babu yako hakuwahi kuruhusiwa kuvuka kizingiti."

"Na alikuwa akilala wapi?"

Mathilde alimpeleka nyuma ya kanisa. Pale lilikuwapo banda la mbuzi wa kijiji, na juu ya mbuzi kulikuwa na dari walimolala wasio na kitu. Huko ndiko mama yake Fridolin alikojifungulia. Sasa pana ukuta wa saruji na mapipa matatu ya kijani ya kutupia chupa.

Verlene alisimama mbele ya mapipa na kofia yake mkononi. Mtu mmoja akapita, akatupa chupa nne, akawasalimu.

"Ungeniacha nikwangue ukuta wako?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Kisu ninacho mfukoni. Nimekinoa kabisa."

"Najua. Wote huja nacho."

"Mia tatu tunavaa fulana zenye picha ya farasi wawili, dada! Farasi wawili! Kumbe alikuwa chini ya mbuzi!"

"Juu ya mbuzi," alisema Mathilde. "Chini kulikuwa na baridi."

Verlene alimgeukia kwa hasira ya kweli, uso umemwiva. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka ikabidi ajishike kwenye pipa. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena. "Walimfukuza," alisema. "Wakamwandika nambari, na sisi tumekuja kuwashukuru kwa shaba." Akavaa kofia. "Jumapili utausoma ule ukurasa. Mbele ya watu wote. Kwa lugha hii hii."

"Thierry ataniua."

"Thierry anaielewa?"

Mathilde akafikiri kidogo. "Hata neno moja," akasema, na usiku ule, kwa mara ya kwanza wiki ile, alipata usingizi.

Jumapili ilikuwa na jua. Thierry alifunga utepe wake wa umeya wenye rangi tatu, akahutubu kwa Kifaransa kuhusu mizizi. Alilitaja neno hilo mara kumi na nne. Mzee Seppi, mpiga tarumbeta kubwa wa bendi, alikuwa akihesabu kwa vidole. Meya alisema Hinterwihr ni mama asiyesahau watoto wake, na mlango wake uko wazi daima. Huyu ndiye Thierry ambaye mwaka uliopita aliombwa kuzipokea familia mbili za wakimbizi katika nyumba ya padri, isiyo na padri tangu zamani, akajibu kwa barua rasmi kwamba kijiji kimejaa. Wakati huo nyumba tisa zilikuwa tupu, ukiacha popo.

"Na sasa," alisema, "shangazi yangu atatusomea maneno machache kwa lugha yetu nzuri ya asili."

Mathilde alisimama mbele ya nyumba yake, akafungua daftari, akasoma. Aliusoma ukurasa wote, polepole, kama alivyokuwa akisoma matangazo ya ndoa. Vijana walitabasamu kwa heshima. Watalii walipiga picha. Kwenye benchi la wazee midomo ilianza kusimama na keki ndani. Alipofika kwenye "hula bila kuzalisha", Mzee Seppi alishusha tarumbeta. Alipofika kwenye "kijiji kimejaa", benchi zima liligeuka kwa pamoja kumtazama meya.

Thierry, alipoona anatazamwa, alidhani ni zamu yake. Akapiga makofi. Akapiga kwa nguvu, mikono juu ya kichwa, na vijana wakamfuata, na watalii wakafuata vijana.

"Safi sana, shangazi!" alipaza sauti. "Tazama, wameguswa!"

"Tumeguswa mno," alisema Mzee Seppi. Akainama sikioni kwake na kumtafsiria, mstari kwa mstari, bila haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu. Makofi ya meya yalikwisha moja moja.

"Shangazi, umeniaibisha mbele ya wageni!"

"Mimi nimesoma tu, mwanangu. Aliyeandika ni babu yako, na aliyepiga makofi ni wewe."

"Na bamba je? Mashimo yameshatobolewa!"

"Mashine ya kutobolea iko wapi?" aliuliza Verlene kwa Kiingereza, ili meya naye aelewe. Thierry, ambaye hajawahi kumkatalia Mmarekani chochote, aliashiria gari lake kabla hajajua anafanya nini.

Bamba lilibebwa na wapiga bendi wanne mpaka nyuma ya kanisa. Verlene alitoboa, Mathilde alikaza skrubu. Hawakubadilisha hata herufi moja. Lilisema hapa alizaliwa Fridolin Schnebelen, na kwa mara ya kwanza tangu limwagwe kwenye kalibu lilikuwa linasema kweli.

Sitadanganya kwamba kijiji kilizaliwa upya. Nyumba ya padri bado ni tupu. Ila safari hii baraza lililazimishwa na benchi la wazee kulipigia kura lile neno "kimejaa", nalo lilipita kwa tofauti ya kura moja tu, ya meya. Wageni bado huja na visu vyao. Mathilde huwapa kahawa, huwaambia ukweli, kisha huwapeleka penye mapipa. Wengine hukasirika wakaenda kutafuta kijiji chenye adabu zaidi. Ukuta wa saruji haukwanguliki.

Jioni ile ya Jumapili, yeye na Verlene walimaliza chupa ndogo ya pombe kali ya cheri. Asubuhi, kabla ya basi, Verlene aliibeba ile chupa tupu mpaka nyuma ya kanisa. Akaisukuma ndani ya pipa, ikapasuka kwa kishindo.

"Haya," alisema. "Mwandikie meya kwamba nambari saba amerudi, na bado hazalishi kitu."

"Nitaandika," alijibu Mathilde, na kwa kuwa ufunguo wa ofisi alikuwa nao, aliandika daftarini.