Siku Michembe Ilipolowa

Harufu ya michembe ikichemka, wenzangu wanasikia utamu wa viazi. Mimi nasikia mvua.

Nilikuwa na miaka tisa, hapa hapa Ngulyati. Mahindi yalikuwa yameungua shambani, na baba alikuwa ameswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, hatujui atarudi na wangapi. Tulichobaki nacho ni viazi. Mayu, yaani mama yangu, alivimenya, akavikata vipande, akavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, vikauke viwe michembe ya kutuvusha mpaka mavuno mengine. Mimi akanipa kazi moja tu: nikae pale nifukuze mbuzi, na nikiona wingu nikusanye.

Mbuzi niliwafukuza. Lakini kwa jirani wacheza ngoma ya majembe walikuwa wanafanya mazoezi, na miguu yangu haikuniomba ruhusa. Wingu nililiona. Nikajiambia liko mbali, liko huko Mwamanyili. Wingu la kwetu halina adabu.

Niliporudi, michembe inaelea. Mingine imeshuka na maji mpaka kwenye tope. Nililia mpaka nikatapika, kwa sababu hata mtoto alijua: michembe ikilowa inaota ukungu, na ukungu hauliwi. Mdogo wangu Maduhu alikuwa ananyonya, na maziwa yenyewe yalikuwa yanatoka kwenye jiwe lile.

Mayu akaja, akaangalia. Nilisubiri fimbo. Ningeipenda fimbo, maana fimbo ikiisha imeisha. Yeye akaingia jikoni, akakaa humo kidogo, akatoka mikono mitupu, akaketi kando yangu juu ya jiwe bichi.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "michembe imelowa. Tunafanyaje?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema tukaombe kwa jirani. Akaniuliza jirani naye amevuna nini. Nikasema basi mimi natoroka. Akasema sawa, na huko utakula nini. Msinicheke, nilimchukia. Mtu mzima na akili zake anakaa kama gogo, anamuuliza mtoto, na njaa hiyo inakuja!

Nililia tena, machozi yakaisha, yeye bado amekaa. Ndipo nikakumbuka matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa kwanza halafu vikaanikwa.

"Mayu, tukiichemsha leo leo, kabla haijachacha, tukaianika upya?"

"Haya. Okota."

Hakuokota hata kipande. Niliokota mwenyewe kwenye tope, nikaosha, nikabeba ungo kichwani mpaka jikoni. Nusu ilioza hata hivyo. Nusu iliyopona tuliila kidogo kidogo, tukiisikia mifupa yetu, mpaka baba akarudi. Maduhu leo ana kitambi, haamini ninachosema.

Nimelea watoto sita, na sioni haya kujisifu, wote wanajua kujitoa kwenye shimo. Lakini siku binti yangu mkubwa alipokuja analia na shida yake, jibu nikawa nalo mdomoni, nikauma kanga nisilitoe. Ilinichoma kuliko kuzaa. Hapo ndipo nikakiona kitu ambacho siku ile nilikitazama tu: nilipofika jikoni na ungo wangu, hatukusubiri maji. Chungu kikubwa kilikuwa tayari kimeinjikwa, kinatokota.