Baraza Kwenye Kisiwa cha Watu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini nyumba nilizozijenga huku Sib, Omani, ukizipanga zinafanya mtaa. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nilipelekwa Ugiriki kwa kuhurumiwa. Tiketi alilipa binti yangu, kweli, lakini nani aliyemsomesha?

Alinijia na karatasi. Kaandika sehemu tisa za kwenda katika hicho kisiwa: vinu vya upepo, ngome ya zamani, ngazi za bandarini ambazo watu hupandishwa na punda, pwani ya mchanga mweusi, kijiji cha kutazamia jua likizama, na kadhalika. Nikaisoma yote, polepole. Nikamuuliza Pemba iko wapi.

"Baba, Pemba si Ugiriki."

"Nnajua. Nimezaliwa huko, wewe hujafika."

Akaikunja karatasi, maana hadithi anaijua nusu. Nimekwenda Makka mara mbili, Bangkok kutibiwa goti, Uturuki kununua marumaru. Pemba sijarudi tangu niondoke kijana. Mama alipofariki, dada yangu mkubwa alipiga simu kazini. Mimi nilikuwa na nyumba ya kumaliza, paa linamwagwa zege kesho yake. Watu niliwaambia nilinyimwa ruhusa. Uongo. Nilibaki nikamwaga zege. Toka hapo kila mwaka namwambia dada mwakani, na kila mwaka naona haya kusimama mbele yake. Naye sasa keshapita themanini.

Basi tukaenda Ugiriki. Nisikatae, pazuri. Ngome niliigonga kwa mkono, nikaona mawe yamepangwa na watu wanaojua kazi. Ngazi za bandarini nilizishuka kwa miguu yangu, punda nikamwachia binti. Kwenye jua ndipo nilipocheka: lilipozama watu wakalipigia makofi. Nikamwambia binti, hili ni lile lile la Sib, sisi tu hatulipongezi.

Kilichonimaliza ni chokaa. Siku ya tatu tulipita kwenye kichochoro, kuna mwanamke kapiga magoti anapaka chokaa kwenye maungio ya mawe ya njia. Harufu ile ya chokaa mbichi, ikanisimamisha. Huo ndio ufundi wangu wa mwanzo, kule Wete, Pemba: kuchoma mawe, kuyazima kwa maji, kupaka. Na kila nyumba pale ina baraza ya mawe kando ya mlango, imeshikana na ukuta, kama kwetu. Mimi Sib nimejenga kuta ndefu, mageti, majlisi za kupokelea wageni zenye viyoyozi, sijajenga baraza hata moja. Wenye nyumba hawazitaki. Yangu mwenyewe haina.

Nikakaa. Nikavua viatu, nikapandisha mguu mmoja, nikapiga hodi kwa sauti ili wenyewe wajue nje kuna mtu.

"Baba! Ondoka, hii nyumba ya watu!"

"Ingekuwa si ya watu ningempigia nani hodi?"

"Yaa Rabbi, wataita polisi."

Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi kizee, nguo nyeusi kutoka juu mpaka chini. Akanitazama, akavitazama viatu vyangu. Akasema maneno yake, nami nikamjibu kwa Kiswahili kuwa goti linaniuma. Akaingia ndani, akarudi na gilasi ya maji na kisahani cha maganda ya balungi yaliyopikwa kwa sukari. Kisha akakaa upande wa pili wa mlango, akaendelea kuchambua maharage yake. Hakuonyesha kutaka niondoke. Nikamwambia binti aende akaione hiyo pwani yake nyeusi.

Nikampigia dada simu ya picha, nimwonyeshe chokaa. Nikaona paji lake la uso na pembe ya kanga.

"Wewe! Hiyo si baraza?" Sauti ikampanda. "Umefika? Upo kwa nani hapo? Mbona hukusema nikakupikia? Ngoja nivae, nnakuja!"

Nikamsikia anahangaika kutafuta makubadhi.

"Dada, kaa. Siko Wete. Nipo Ugiriki."

"Wapi?"

"Ulaya. Nimekuja kutembea."

Kwenye simu imebaki kanga tu.

"Ulaya njia umeijua," akasema.

Hapo ndipo neno liliponitoka, mbele ya bibi wa watu na maharage yake. "Dada, sikuja kumzika mama."

"Nnajua hukuja. Mimi nilikuwepo."

"Ruhusa sikunyimwa."

"Hilo nalo nnajua. Uongo hukuuweza tangu mdogo. Nilikungoja arubaini ipite, nikangoja mwaka, nikangoja na mingine. Sasa sina kungoja kwingi. Unakuja, huji?"

"Nnakuja."

"Siku gani? Na usiniambie mwakani."

"Idi pili."

"Haya. Sasa niambie, siku hizi unakula nini? Maana mimi sikujui tena."

"Chochote, dada."

"Chochote sijui kukipika. Fikiri, kisha unambie."

Sehemu sita zilizobaki kwenye karatasi binti alikwenda peke yake. Mimi nilirudi kwa yule bibi siku mbili nyengine, hodi ile ile.

Sasa nipo Sib, tiketi ya Pemba nimekata mwenyewe. Asubuhi natoka nje ya geti, napindua ndoo ya rangi, nakaa, ukuta nyuma yangu. Magari yanapita, hapana anayesimama. Nakaa nafikiri nimtajie dada chakula gani, na bado sijampa jibu. Kila ninachokikumbuka alikipika mama.